Heinrich Hertz, mtu ambaye jina lake linatajwa kila siku kwenye redio

Kila mara mtangazaji anapotaja megahertz za redio yake, anataja jina la mtu aliyekufa tangu 1894.

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 huko Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa avoka. Yeye alisoma fizikia Berlin, na mwaka 1885 akaenda kufundisha Karlsruhe.

Wakati ule, James Clerk Maxwell alikuwa amekwisha kuandika kwamba umeme unaweza kusafiri hewani kama mawimbi, lakini hakuna aliyekuwa amehakikisha. Kati ya 1886 na 1888, Hertz alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba. Upande mwingine aliweka waya iliyokunjwa kama pete, yenye nafasi ndogo sana. Cheche ndogo ikatokea pale, na hakuna waya iliyounganisha vyombo vile viwili. Aliposogeza pete mbali, cheche ilipungua nguvu. Yeye mwenyewe hakuona kazi mawimbi hayo yangefanya. Redio na telefone za mkononi zilikuja kisha.

Mwaka 1892 akaanza kuugua vibaya kichwani na puani. Waganga walimpasua mara kadhaa, bila kumponyesha. Alikufa Bonn tarehe 1 Januari 1894, na miaka 36 tu, akaacha mke na mabinti wawili. Waganga wanaochunguza habari zake leo wanataja ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu, si mawimbi.

Maana mawimbi ya Hertz si sawa na mionzi ya radiografia wala ya uranium. Hayavunji chembe za mwili. Yakiwa na nguvu nyingi yanaupasha moto. Ndiyo sababu hairuhusiwi kupanda mnara wa antena inayotuma. Telefone inatuma kwa nguvu kidogo. Hata hivyo, mwaka 2011 wachunguzi wa kansa wa OMS waliyaweka mawimbi haya kati ya vitu ambavyo labda vinaweza kuleta kansa, kwani ushahidi ulikuwa mdogo, haukutosha kukata neno.

Anayetaka kujilinda afuate kile pete ya Hertz ilionyesha: umbali unapunguza nguvu. Aweke sauti inje au atumie waya za masikio, aandike ujumbe, afupishe mazungumzo. Na pale rezo iko chini, angojee afike pazuri, juu telefone inaongeza nguvu ikitafuta antena.