SITI BINTI SAAD, MWUZA VYUNGU ALIYEKUWA MWIMBAJI

Kila mwanafunzi apitaye sokoni Kalerwe asubuhi anazijua sauti za wachuuzi. Mmoja hunadi nyanya, wa pili hunadi ndizi, na wa tatu huita watu waje kwenye mizigo iliyoletwa kwa njia ya Gayaza. Kila mmoja ana namna yake ya kuita, hata mnunuzi aliyezoea humtambua mtu wake kabla hajamwona. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba pengine katika sauti hizo imo moja iliyostahili kusikilizwa nyumbani mwa wafalme. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke wa Unguja aliyeanza hivyo hivyo, kwa kunadi vyungu barabarani, akaishia kuwa mwimbaji mkubwa kupita wote wa pwani katika siku zake. Jina lake ni Siti binti Saad.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini ya kisiwa cha Unguja, kadiri ya mwaka wa 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Wakati huo utumwa ulikuwa bado haujaondolewa katika Unguja. Uliondolewa kwa sheria mwaka wa 1897, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Jina hilo peke yake latosha kutuonyesha hali ya watu wake katika nchi ile.

Kwao walikuwa maskini, na kazi ya mama yake ilikuwa kufinyanga. Mtoto alijifunza kazi hiyo mikononi mwa mama: kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga chungu, kukianika na kukichoma. Vyombo vilipokuwa tayari alivitia kichwani akaenda mjini kuviuza kwa miguu, na njiani alikuwa akinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu walimsikia kutoka mbali wakajua kwamba binti wa vyungu anakuja. Hakupata kusoma shuleni, wala hapakuwa na mtu aliyemfundisha kuimba. Mwalimu wake wa kwanza ilikuwa ile haja ya kuuza mzigo kabla jua halijachwa.

Aliolewa, walakini ndoa haikudumu. Mwaka wa 1911 aliliacha shamba akahamia mjini. Angalieni umri wake: alikuwa amekwisha timiza miaka thelathini, umri ambao wengi wetu hudhani kwamba mlango wa kujifunza umefungwa. Kumbe kwake ulikuwa haujafunguliwa bado.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze muziki wa Unguja ulivyokuwa. Taarabu ililetwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 mpaka 1888. Sultani huyo alipendezwa na muziki wa Misri, akampeleka kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Baadaye, katika mwaka wa 1905, waungwana wa mjini waliunda chama chao cha muziki, jina lake Ikhwani Safaa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wapigaji na waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wenye nafasi. Mtu wa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji walipokaa watumwa wa zamani, wachukuzi, wavuvi na mafundi, aliweza kuisikia sauti ya udi ikitoka dirishani. Kuingia ndani na kuketi lilikuwa jambo jingine.

Katika mji huo ndipo alipofika mwanamke huyu wa shamba. Wanamuziki waliomsikia waliitambua sauti yake, wakaamua kumfundisha. Walimfundisha kuimba kwa kufuata ala, wakamfundisha na maneno ya Kiarabu, tena wakamfundisha kusoma Kurani kwa mahadhi. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, kila kitu alikishika kwa moyo. Kusoma Kurani kulimpa mambo mawili ambayo mwimbaji hawezi kuyakosa: pumzi ndefu, na kutamka kila herufi mahali pake. Wakati huo watu wakaacha kumwita Mtumwa, wakamwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Jina la pili lililifuta la kwanza.

Wenziwe katika kikundi walikuwa Subeit Ambar, Mbaruk Effandi, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Makao yao yalikuwa nyumba ya Siti katika Ng'ambo. Usiku walikutana pale, wakatunga, wakajaribu sauti, wakasahihishana, na majirani wakaja kusikiliza. Haukuwa uwanja mkubwa wa ngoma. Kilikuwa chumba, taa, udi, fidla, dufu, na sauti moja ya mwanamke. Aliyekaa mlangoni alisikia sawasawa na aliyekaa karibu na mwimbaji.

Labda mwanafunzi wa Kampala atauliza, taarabu ya namna hiyo inakwendaje? Kwanza ala hupigwa peke yake bila ya maneno; huitwa bashraf. Hapo wasikilizaji hutulia na mazungumzo hukoma. Kisha mwimbaji huanza, ubeti kwa ubeti, wala hana haraka. Shairi huwa na vina na mizani, na kila ubeti una maana ya nje na maana ya ndani. Msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka taratibu akaenda kumtunza mwimbaji kwa fedha, na watu wote hujua kwamba ubeti ule umemfikia. Pengine hujua hata umemfikia nani mwingine aliyeketi chumbani humo! Shughuli zenyewe zilikuwa arusi, Idi, na siku nyingine za furaha za mwaka, mtu alipotaka kuwakusanya jamaa na rafiki usiku kucha. Siti aliitwa katika nyumba za matajiri, akaitwa hata katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub. Akimaliza huko alirudi Ng'ambo, akawaimbia watu wake.

Sanaa ya namna hiyo haiko pwani tu. Katika mji wa Vienna, Franz Schubert, aliyekufa mwaka wa 1828 akiwa na umri wa miaka 31, alitunga nyimbo zaidi ya mia sita za sauti moja na piano, na nyingi ziliimbwa kwanza katika vyumba vya rafiki zake. Tarehe 26 Machi 1828, siku ya kumbukumbu ya kufa kwa Beethoven, aliwakusanya watu wasikie nyimbo na tungo zake mwenyewe. Na hapa Buganda mpigaji wa ennanga alikaa karibu na Kabaka akapiga na kuimba kwa sauti ya chini, maana wimbo wake haukuwa wa kusikika uwanjani. Vienna, Mengo na Ng'ambo zina jambo moja: shairi zuri, sauti moja, ala chache, na watu wachache wanaosikiliza kweli kweli.

Lakini Siti alifanya tendo ambalo wengine hawakulithubutu. Aliitoa taarabu katika Kiarabu akaitia katika Kiswahili. Kwa tendo hilo mpishi, mchukuzi na mwosha nguo walielewa kila neno. Na kwa kuwa walielewa, nyimbo zikaanza kusema mambo yao. Siti na wenziwe waliimba habari za mapenzi, kama waimbaji wote, lakini waliimba pia habari za wenye mali wanaodhulumu, za mahakama, na za wanawake wasio na mtetezi.

Wimbo mmoja ulioenea sana ni ule uitwao Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni, aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akaenda katika shughuli ya usiku pamoja na wanawake wenziwe, na huko akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Mwuaji akakimbia, akavuka bahari. Kesi ilipokwenda mbele ya hakimu, walioadhibiwa wakawa wale wanawake waliotoa ushahidi. Mtu wa Ng'ambo wakati huo hakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yake, wala hakuwa na mjumbe katika baraza la serikali. Aliyeyataka malalamiko yake yasikike mpaka nyumba za wakubwa alikuwa na njia moja ya hakika, nayo ni wimbo ambao wakubwa wenyewe wangependa kuusikiliza. Siti aliwapa njia hiyo. Hukumu haikubadilika, mwuaji hakurudishwa. Lakini jina lake liliimbwa mji mzima, na miaka mingi baada ya hakimu kusahauliwa wimbo bado ulikuwapo.

Si kwamba watu wote walimpenda. Wako waliokasirika kumwona binti wa mfinyanzi akikalishwa mahali pa heshima. Ulitungwa wimbo wa kumtukana, kumkumbusha kwamba jana tu alikuwa akitoka shamba na vyungu kichwani, na kwamba hana uzuri wa sura wala nasaba. Siti hakwenda kugombana barazani. Alijibu kwa wimbo, akasema kwa upole kwamba sura na ukoo si hoja, hoja ni akili na adabu ya mtu. Jibu lile likapendwa kupita tusi lenyewe. Vyungu hakuvionea haya, maana ndivyo vilivyomlea.

Mwaka wa 1928 kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza honi, iliwachukua Siti na wenziwe mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia sauti zao katika santuri. Siti alikuwa na miaka arobaini na minane hivi. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika santuri, na nyimbo zile zilikuwa miongoni mwa za kwanza za Kiswahili kupatikana kwa namna hiyo. Kazi haikuwa nyepesi. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo tu, na wimbo wa taarabu wa chumbani huweza kuchukua sehemu kubwa ya usiku. Ilibidi beti zipunguzwe, ala zipige kidogo, na kila mtu awe tayari.

Santuri zilipofika ziliuzwa kwa maelfu. Wenye mikahawa walizipiga ili kuwavuta wateja, na asiyekuwa na gramafoni alisimama nje akasikiliza bure. Zilivuka zikafika mrima na bara. Mtu aliyekuwa amezoea kusikia katika mashine sauti za Misri na za Ulaya sasa alisikia lugha yake mwenyewe, kutoka kinywani mwa mwanamke wa Fumba. Mwaka ule ule wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Sisemi kwamba wimbo ndio uliowagomesha. Lakini watu wanaosikia mambo yao yakiimbwa kwa heshima hujifunza kwamba mambo yao ni ya maana.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, mwenye umri wa miaka sabini hivi. Kabla ya kufa kwake alizungumza na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, naye aliandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad. Ni jambo la ajabu kwamba mwanamke asiyejua kuandika jina lake aliandikiwa kitabu na mwandishi mkubwa kupita wote wa Kiswahili wa zama zake. Katika Unguja, Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzee wake akafariki mwaka wa 2013, alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza. Na chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilichoundwa mwaka wa 1987, kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Basi, wasomaji, tunapata nini katika maisha hayo? Wengine watasema kwamba Siti alibahatika kuwa na sauti nzuri. Ni kweli, lakini sauti hiyo alikuwa nayo tangu Fumba, na kwa miaka mingi haikumpatia ila bei ya vyungu. Kilichoongezwa kilikuwa kujifunza akiwa mtu mzima, wenzi waliosahihishana naye kila usiku, na moyo wa kuimba katika lugha ya jirani zake juu ya mambo ya jirani zake. Methali husema, mcheza kwao hutunzwa.

Katika shule zetu twaimba nyimbo za Krismasi kila Desemba, na tarehe 3 Juni twawaimbia Mashahidi wa Uganda. Ni vizuri sana, na tuendelee. Lakini kwaya kubwa haimalizi kazi yote ya wimbo. Tukitaka kuwakumbuka watu wetu waliokufa, au kuifurahia siku kuu, chumba kimoja cha darasa, ennanga au gitaa, na mwanafunzi mmoja mwenye shairi alilolitunga mwenyewe vyatosha kwa kuanzia. Na atakayeimba asichaguliwe kwa ukoo wake wala kwa nguo zake. Pengine ni yule ambaye mama yake anauza nyanya Kalerwe, naye humsaidia kunadi siku za Jumamosi.