Stephenson: Mhandisi Aliyejifunza Kusoma Ukubwani

Ukipanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, reli mbili zinazokubeba zimeachana milimita 1,435. Kipimo hicho, ukiondoa nusu inchi iliyoongezwa baadaye, kilitoka kwenye njia za mabehewa ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Aliyekieneza ni jamaa ambaye leo asingefika hata mlangoni pa Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

George Stephenson alizaliwa Wylam mwaka 1781. Baba yake alikuwa mchochea moto wa injini mgodini, na mshahara wake haukutosha ada za watoto. George alipofika miaka 17 alishakabidhiwa injini, lakini hakujua kusoma. Ndipo akaanza kulipia masomo ya jioni: kusoma, kuandika, hesabu. Sisi tunameza nadharia kwanza, fildi baadaye. Yeye alianza na fildi. Injini aliifungua, akaisafisha, akaifunga tena. Pesa ya ziada aliipata kwa kutengeneza saa na viatu.

Mwaka 1811 pampu ya mgodi wa Killingworth iligoma kutoa maji, wenye kazi zao wakashindwa. Yeye akaiweka sawa. Mwaka uliofuata akapewa usimamizi wa mitambo, na 1814 akaunda kichwa chake cha kwanza cha treni.

Wale wahamasishaji wetu wa vyeti-si-kitu huwa wanaishia hapo. Wangesogea kidogo tu mpaka 1825, kamati ya Bunge ilipomhoji kuhusu reli ya Liverpool hadi Manchester. Miinuko ya njia walipima wasaidizi wake, yeye hakuihakiki. Wakili Edward Alderson akambana swali juu ya swali kuhusu vimo vya njia na daraja la mtoni, George hana jibu. Muswada ukaanguka, kampuni ikamweka kando. Lafudhi yake ya kaskazini nayo ilidharauliwa, na huo ni uonevu. Lakini vipimo vilikuwa na makosa kweli.

Walimrudisha mwaka 1826. Akapitisha reli juu ya kinamasi cha Chat Moss kwa kutandika matita ya matawi, na njia ikafunguliwa 1830.

Kwangu mimi ninayesomea ualimu, kinachonigusa zaidi ni habari ya mwanawe Robert, aliyefiwa na mama mwaka 1806 akiwa bado mdogo. Baba alimpeleka shule nzuri Newcastle, na alichorudi nacho mtoto jioni, baba naye alikisoma. Yaani mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu wa baba! Mwaka 1822 Robert alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kama miezi sita hivi.

Mwaka 1847 George akawa rais wa kwanza wa Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza. Alifariki mwaka uliofuata, na kiti chake kikachukuliwa na Robert.