Alice Evans: Dem Aliyechekwa na Masonko wa Sayansi Kisa Maziwa Mabichi

Mathe akisisitiza maziwa yachemke kwanza, usimwone msumbufu. Kuna dem wa Marekani, Alice Evans, mzaliwa wa Pennsylvania 1881, aliyelipia hiyo maneno na mwili wake.

Alice alikuwa anapima maziwa kwa maabara ya serikali. Enzi hizo wasee waliamini maziwa mabichi ya ng'ombe msafi hayana noma. Akalinganisha bakteria inayofanya ng'ombe watoe mimba na ile ya mbuzi iliyoletea watu homa ya Malta. Manze, zilifanana kama mapacha!

1917 akawaambia wanasayansi wenzake. Wakamruka, eti ni mwanamke, tena hana digrii ya udaktari.

1922 bakteria hiyo hiyo ikamdaka akiwa kazini. Homa ikawa inakuja na kuenda kwa zaidi ya miaka 20, na madaktari wengine wakisema ni mawazo tu.

Baadaye watafiti wengine wakapata vile alivyosema. 1928 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanabakteria Marekani, na miaka ya 1930 sheria za kupasha maziwa moto zikaenea huko. Aliaga 1975 akiwa na miaka 94.

Brusela bado iko hapa Kenya. Buda, chemsha maziwa.