Mzee Carrington, madoa ya jua na mipaka ya maduara yetu

Leo tuache kidogo bei ya dhahabu, niwaletee habari za mzungu mmoja aliyefariki mwaka 1875. Huku Geita na Kahama hajulikani kabisa, lakini sisi tunaopima mipaka kwa GPS tunamhitaji kuliko tunavyodhani.

Anaitwa Richard Carrington. Alizaliwa London mwaka 1826, baba yake akiwa na kiwanda cha bia. Wazee walitaka awe mchungaji, wakampeleka Cambridge, kumbe kijana roho yake iko kwenye nyota. Alifanya kazi miaka michache chuo cha Durham, akaona vyombo havitoshi, akaacha. Akahamia Redhill na kujijengea nyumba yenye kituo chake cha kuangalia anga, kwa hela za familia. Usiku alipima nyota. Orodha yake ya nyota 3,735 ilitoka mwaka 1857, na mwaka 1859 ikampa medali ya dhahabu.

Mchana alifuatilia madoa ya jua. Ndiyo wadau, jua lina madoa! Hakulichungulia moja kwa moja (msijaribu, mtapofuka). Alitumia darubini kutupa picha ya jua kwenye kioo kilichopakwa rangi, halafu anachora. Kwa kuyafuata madoa hayo miaka zaidi ya saba akagundua kwamba jua halizunguki kama mpira mgumu: katikati linakwenda haraka kuliko kuelekea kwenye ncha.

Mwaka 1858 baba akafariki, jamaa akabebeshwa kiwanda. Wengi wetu hapo tungeachana na nyota. Yeye akaendelea. Tarehe 1 Septemba 1859, saa tano na dakika 18 asubuhi, anachora kundi kubwa la madoa, mara mianga miwili mikali ikawaka juu yake. Akakimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, hata dakika haijaisha, mwanga umeshafifia. Dakika tano tu, kwisha. Bahati yake, Richard Hodgson naye aliuona kivyake akiwa London.

Saa kama 17 baadaye usumaku wa dunia ukavurugika. Mitambo ya telegrafu ikapiga shoti, mafundi wengine wakarushwa. Kati ya Boston na Portland walichomoa betri, wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa dhoruba ile ile! Na habari zilizoandikwa wakati ule zinasema wachimbaji dhahabu wa Milima ya Rocky waliamka usiku wa manane wakaanza kupika chakula cha asubuhi, anga ilivyong'aa wakadhani kumekucha. Wachimbaji wenzetu hao! Huku kwetu hakukuwa na waya wa kuungua. Speke alikuwa amepita Usukumani mwaka mmoja tu kabla, na kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879.

Nampendea hapa: hakujisifu kwamba ameshajua chanzo. Alionya kwamba tukio moja halitoshi kuwa ushahidi. Baadaye sayansi ikathibitisha kwamba jua ndilo linalotupiga.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Aliomba kuongoza kituo cha anga cha Cambridge, akakosa. Afya ikaharibika, akauza kiwanda. Mke wake Rosa alichomwa kisu mwaka 1871 na mwanamume aliyejulikana kama kaka yake, akapona, lakini Novemba 1875 akakutwa amekufa baada ya kuzidisha dawa ya usingizi. Siku chache baadaye Carrington naye akafariki, miaka 49. Mizunguko ya jua bado inahesabiwa kwa namba zenye jina lake.

Sasa yanatuhusu nini? Tarehe 10 Mei 2024 ilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003, na matrekta ya Marekani yanayoongozwa na GPS yakasimama mashambani. Ila tusisingizie jua kila kitu: intaneti yetu iliyokatika tarehe 12 Mei ilikuwa ni kebo za EASSy na Seacom kukatika baharini.

Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku. Hata bila dhoruba, baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba, anga ya juu huchafuka na GPS huyumba. Leseni ndogo haizidi hekta 10. Mita tano zikihama, duara la mtu limeingia kwa jirani, na huku mnajua ugomvi wa duara unavyoishia.

Hoja yangu ni hii: kwenye kila ramani ya mpaka iandikwe pointi ilipimwa tarehe gani, saa ngapi na mara ngapi. Carrington aliandika hadi dakika, na hakukuwa na mtu wa kumdai. Wapimaji wenzangu na wenye maduara, mnasemaje?