Michael Faraday: mtoto wa mhunzi aliyekutanisha mwanga na sumaku

Ikiwa unasoma makala haya kwenye simu ukiwa Mgogoni, huku karafuu zimeanikwa kwenye majamvi uani, yupo mtu aliyefariki mwaka 1867 ambaye kazi yake imesaidia kukufikishia maneno haya. Jina lake ni Michael Faraday. Ugunduzi wake mmoja mkubwa ulitokana na kazi iliyoonekana kupotea bure.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na chakula nyumbani kilikuwa cha kubana. Skuli alijifunza kusoma, kuandika na hesabu nyepesi tu. Alipofika miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi vitabu, akawa mwanagenzi kwa miaka 7. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia, na humo ndimo alimokutana na habari za umeme na kemia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mkemia maarufu wa Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Miaka ya 1820 alipewa kazi ya kutengeneza kioo bora cha lenzi za darubini. Aliyeyusha na kuchanganya kwa miaka kadhaa, akitia risasi humo, akapata kioo kizito sana. Hata hivyo kazi hiyo haikuleta faida iliyotarajiwa, na mwaka 1831 akaiacha. Vipande vikabaki maabara.

Mwaka huohuo aligundua kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme hupita ndani ya waya huo. Mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme hutumia kanuni hiyo, pamoja na ile inayoleta umeme Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010.

Faraday aliamini kwamba hata mwanga una undugu na sumaku. Alijaribu vitu vingi, hakuona kitu. Tarehe 13 Septemba 1845 akachukua kipande cha kile kioo kizito cha zamani.

Ili kuelewa alichokiona, funga kamba ya usumba kwenye mti, kisha itikise juu na chini. Wimbi litakimbia likiwa limesimama wima. Mwanga nao ni wimbi, ila mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Faraday aliuchuja ubaki na mtikisiko wa upande mmoja, akaupitisha ndani ya kioo kilichowekwa kwenye sumaku ya umeme. Mbele aliweka kichujio cha pili kilichouzuia kabisa. Alipowasha umeme, mwanga ukaonekana, alipozima, ukatoweka. Sumaku ilikuwa imeuzungusha mtikisiko wa mwanga.

Leo sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania hupita kwenye mikongo ya chini ya bahari, kama ile iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Ndani ya mikongo, ujumbe husafiri kama mwanga kwenye nyuzi za kioo. Mwanga ukirudi nyuma huivuruga taa iliyoutoa. Kwa hiyo huwekwa kipande chembamba cha garneti yenye chuma, chenye unene wa takriban nusu milimita, kati ya vichujio viwili. Sumaku huuzungusha mtikisiko upande uleule, mwanga ukienda au ukirudi, hivyo unaorudi hukuta njia imefungwa. Ni kama samaki na dema: kuingia kupo, kutoka hakuna.

Wataalamu sasa wanatengeneza tando za garneti nyembamba zaidi ya unywele, ili zikae juu ya vifaa vidogo vya elektroniki. Wanatumia pia mawimbi ya sumaku yenyewe kubeba ujumbe: visumaku vidogo mno ndani ya utando huyumba kimoja baada ya kingine, kama mpunga unapopitiwa na upepo.

Faraday hakuwa mjuzi wa hesabu za juu. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyaweka mawazo yake katika hesabu. Alikataa cheo cha heshima cha serikali. Mwaka 1862, akiwa mzee, alijaribu kuona kama sumaku hubadilisha rangi za mwanga wa mwali wa moto. Hakuona kitu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Mwaka 1896, Pieter Zeeman wa Uholanzi alirudia jaribio hilo kwa vifaa bora zaidi. Mabadiliko aliyoyatafuta Faraday yalikuwapo.