McMillan wa Juja: Bwanyenye aliyetuachia kaburi mlimani na maktaba mjini

MAKANGA wa Thika Road huliita jina la Juja kutwa nzima. Wengi wetu tunalijua kwa chuo kikuu, hosteli na msongamano wa magari. Lakini zaidi ya karne moja iliyopita, Juja lilikuwa jina la shamba la mtu mmoja: William Northrup McMillan.

Jamaa huyu alizaliwa mwaka 1872 St. Louis, Marekani, katika familia iliyotajirika kwa kutengeneza mabehewa ya treni. Alikuwa pande la mtu, na alipenda safari za hatari. Mwaka 1903 alijaribu kupita kwa mashua katika mto Blue Nile kule Ethiopia, lakini mashua zikavunjwavunjwa na maji. Hakufa moyo. Muda si mrefu akaibukia huku kwetu, akiwa na bunduki na pesa za kutosha.

Alifika wakati mzuri kwake na mbaya kwa wenyeji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kuwauzia na kuwakodishia walowezi ardhi ambayo Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai waliitumia kwa kilimo na malisho. McMillan akajipatia maelfu ya ekari upande huu wa Thika na Ruiru, kuelekea mlima Kilimambogo.

Sasa, ukisikia bwanyenye ana jumba shambani, huenda ukawaza bustani za Kifaransa kama zile za Versailles, ambako maua hupandwa kwa mistari na ua hukatwa kana kwamba kwa rula. Nyumba ya Juja haikuwa hivyo. Haikuwa na ghorofa, ila ilikuwa na veranda pana pande tatu, imepambwa kwa ngozi za simba. Bustani yake hasa ilikuwa mbuga yenyewe. Jioni hewa ikiwa safi, wageni waliketi wakitazama theluji ya Kilimanjaro ikigeuka nyekundu.

Na wageni wenyewe hawakuwa watu wadogo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu Ikulu ya Marekani, alikuja kuwinda na mwanawe Kermit, wakapokewa hapo Juja. Roosevelt alikaribishwa pia katika nyumba ya McMillan ya Chiromo, Nairobi, mahali ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huhudhuria masomo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, McMillan aliingia jeshini upande wa Waingereza, na mwaka 1918 akawa Sir. Aliketi pia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia 1944, wakati McMillan alikuwa kaburini karibu miaka 20.

Alifariki ng'ambo mwaka 1925, akarudishwa kuzikwa Kilimambogo. Simulizi za huko husema jeneza lilikuwa lifikishwe kileleni, lakini gari lililolivuta likashindwa na mteremko, ndiyo maana kaburi liko njiani. Mkewe, Lady Lucie, aliyefariki 1957, amelala kando yake.

Unaweza kwenda kuona. Kutoka Thika unashika barabara ya Garissa, kisha unakata kulia kuelekea Donyo Sabuk. Mlima huo wa zaidi ya mita 2,100 ni mbuga ya taifa tangu 1967, na maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu. Beba maji, kupanda kwake si mchezo!

Ila nyumba ya McMillan inayotuhusu zaidi hakuwahi kuingia humo. Ni Maktaba ya McMillan kwenye barabara ya Banda, Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Lucie alisaidia kuijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa 1931. Simba wawili wa mawe wanalinda ngazi.

Kwa miaka mingi simba hao walilinda vitabu visisomwe na Waafrika. Maktaba ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwaka 1962, jiji lilipochukua usimamizi, kila mtu akawa na haki ya kupanda ngazi zile. Hebu fikiria: mtoto wa mfanyakazi wa shamba la Juja angeweza kumpikia McMillan, kumfulia na kumbebea bunduki, lakini si kusoma kitabu katika jengo lenye jina lake.

Siku hizi mlango uko wazi, na matawi ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa vizuri. Ukishuka Thika Road wikendi hii, pitia Banda. Wale simba hawamfukuzi mtu tena. Panda, chukua kitabu, keti. Hicho kiti kiligharimu babu zetu ardhi.