Mali Bila Daftari: Funzo la Coleridge-Taylor

Kila mara matokeo ya mitihani yatokapo, hapakosi mwanafunzi atakaye kwenda chuoni kusomea muziki, na mzazi amwulizaye atakula nini. Swali hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, jibu lake si kumkataza kijana, kama maisha ya Samuel Coleridge-Taylor yanavyotuonyesha.

Samuel alizaliwa London mwaka wa 1875. Baba yake, daktari kutoka Sierra Leone, alirudi Afrika Magharibi, naye akalelewa Croydon na mama yake Mwingereza. Alifunzwa fidla tangu utotoni, na mwaka wa 1890, akiwa na umri wa miaka 15, akaingia Royal College of Music. Baadaye aliiacha fidla akashika utunzi, akifunzwa na Charles Villiers Stanford. Mwalimu huyo alikitambua kipawa chake. Mnamo Novemba 1898, ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la Hiawatha's Wedding Feast, utungo wa kwaya na okestra kuhusu karamu ya arusi, katika chuo hicho hicho.

Utungo huo ulivuma ajabu. Kwaya za Uingereza na Marekani ziliuimba, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu. Alipozuru Marekani mwaka wa 1904, Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu.

Lakini haki zote za utungo huo alikwisha kuwauzia wachapishaji kwa pauni 15 na shilingi 15. Kwa mapatano hayo, hakuwa na fungu la kudai katika mauzo yaliyofuata. Ikambidi afundishe, aongoze kwaya na kusafiri huku na huko, na bado atunge. Septemba 1912 aliaga dunia kwa nimonia, akiwa na miaka 37 tu, akaacha mjane na watoto wawili. Mfalme alimpa mjane huyo posho ya pauni 100 kwa mwaka.

Mwaka wa 1914, watunzi na wachapishaji wa Uingereza waliunda chama cha kukusanya malipo kila tungo zao zinapochezwa hadharani. Kisa cha Coleridge-Taylor hutajwa mara nyingi miongoni mwa vilivyochochea hatua hiyo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Coleridge-Taylor hakukosea kusomea muziki. Bila chuo, huenda kipawa chake kingalififia. Alichopungukiwa ni ulinzi wa kile alichokitunga. Basi sisi walimu tunapofundisha noti na sauti, tufundishe pia mkataba na hakimiliki. Nawe mwanafunzi, kabla ya kutia sahihi, soma karatasi hiyo kwa makini yale yale unayousomea wimbo. Hapo mzazi atakuwa amepata sehemu kubwa ya jibu lake.